Mafuta yalikimbilia upande mmoja wa kikaango: kuinama kwa gari yetu ya kulala

Aliyegundua kwanza si mimi, ni mama watoto. Tulikua tumelala Mambrui, gari tumeipaki juu kidogo ya ufuo, asubuhi yeye anakaanga mayai mimi nakunja godoro, akaniita, baba watoto hebu njoo uone hii. Mafuta yote yalikua yamekimbilia upande wa kulia wa kikaango na huku kushoto mayai yameshaanza kushika. Nikamwambia ni mchanga huo, tairi moja imezama. Akanyamaza. Tukarudi nyumbani Malindi, gari ikapaki kwenye saruji, jioni akawasha jiko akaweka kikaango tena na mafuta yakaenda kulekule.

Kwa wasioijua hii gari, ni HiAce, ile ya umbo lililoanza 2004, ilikua ya abiria, nikang'oa viti vyote nikaifanya nyumba. Mimi ni seremala, kwa hivyo kila kitu humo ndani nimekitengeneza kwa mkono wangu, kitanda mvule, kabati mvule, meza ya kukunja mvule, manake nilitaka kitu cha kudumu sio kile cha kubandikabandika. Nyuma kabisa chini ya kitanda nikaweka tangi la maji la lita 120. Upande wa kulia nikapanga betri mbili za sola na mtungi wa gesi wa kilo 13, vyote pamoja ili nyaya na mipira isizunguke gari nzima. Kulia ndiko anakokaa dereva pia. Vikumbukeni hivyo vitu na mahali vilipo.

Nikaanza kuangalia dalili nyingine ambazo kusema kweli zilikuepo siku nyingi ila nilikua nazipita. Usiku nikishika barabara ya Gede wenye magari wa mbele wananipigia taa, wanadhani nimewasha fulu na mimi niko dimu, kumbe mgongo umekaa chini pua imeinuka taa zinamulika minazi. Steringi nyepesi mno, lori likinipita upepo unaisukuma gari kama jahazi lisilo na shehena. Kila tuta nikilishuka gari inanesa mara tatu nne ndio inatulia. Na nikiingia sheli kwa pembeni, gurudumu moja linapanda ukingo kabla ya jingine, kuna mlio mmoja nyuma kulia, ngo, mzito, wa chuma.

Hapo nikafanya kosa ambalo ndilo limenifanya niandike hii posti, kwa sababu naona watu wengi wenye gari za kulala wanalifanya na linakula pesa. Nikaenda dukani nikasema gari inalala nyuma na inanesa, muuzaji akaniambia shoki hizo, nunua zote nne. Nikalipa 22,000, nikafungiwa siku hiyohiyo. Kunesa kukapungua kweli. Kuinama kukabaki vilevile, kwa kipimo kilekile, na ngo yangu ikabaki.

Sasa wacha nieleze vile nilivyokuja kuelewa, manake hakuna aliyewahi kuniambia kabla. Shoki haibebi gari. Inayobeba uzito ni springi, nyuma ya HiAce ni yale mabapa ya chuma yaliyolaliana, na mbele ni toshen baa, fimbo ndefu ya chuma imeshikwa upande mmoja na upande wa pili inapindwa na mkono wa gurudumu, huko kupindwa ndio springi yenyewe. Shoki kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza ikishabonyea, ndani ni mafuta yanapitishwa kwenye vitundu vidogo basi. Kwa hivyo gari ikinesanesa uliza shoki, lakini gari ikiinama au ikilala imesimama pale pale na injini imezimwa, shoki haihusiki, ungeweza kuzitoa zote nne na gari ingekaa urefu uleule. Kama ningelijua hilo neno moja zile 22,000 zingekua mfukoni. Uchungu zaidi, zile shoki za zamani nilizileta nyumbani, baadaye nikazijaribu moja moja, unaisimamisha unaivuta na kuisukuma polepole, ukisikia uzito ule ule njia nzima bila mahali inaruka patupu basi nzima hiyo. Mbili kati ya nne zilikua nzima kabisa.

Kosa la pili nililifanya nikiwa na haraka. Fundi mmoja, simtaji na wala hakua na nia mbaya, akaniambia kuinama ni kitu kidogo, akaingia chini akakaza bolti ya toshen baa ya mbele kulia mpaka gari ikanyooka kwa macho. Nusu saa, pesa kidogo, nikafurahi. Wiki hiyohiyo mbele kulia kukawa kugumu kama mkokoteni, kila shimo nalisikia kwenye meno, na baada ya mwezi tairi ya mbele ikaanza kuliwa upande mmoja na raba ya boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake, ikachanika. Ile bolti inabadilisha urefu tu, fimbo haiwi na nguvu zaidi kwa kukazwa. Ukiinua sana, mkono wa gurudumu unakaa karibu na mwisho wake wa chini kwa hivyo gurudumu halina tena nafasi ya kushuka kwenye shimo, linaning'inia halafu linagonga, na boljointi inafanya kazi kwa pembe ambayo haikutengenezewa.

Ndio nikapelekwa kwa mzee mmoja Maweni. Kibanda cha mabati, mwarobaini, mafuta machafu chini, na vipande vya springi vimeegemezwa ukutani vingine vyembamba kama upanga. Amefanya malori ya chumvi ya kule Gongoni miaka mingi, na mtu aliyefanya malori ya chumvi ameona kila namna ya kutu inayoweza kula chuma. Nikamsalimia shikamoo mzee, nikaanza kueleza shoki, toshen baa, ngo. Akaniacha nimalize. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kabla yake.

“Umebeba nini humu, mwanangu?”

Nikafungua mlango nikamuonyesha, kusema kweli kwa fahari kidogo, manake ile kazi ya mbao nzuri. Akapapasa kabati, akasema mvule huu, mashallah. Kisha akasema, nenda nyumbani ukapime, uje na namba.

Kupima ndio kazi yangu kwa hivyo hapo nilikua kwenye nyumba yangu. Nilichukua pimamaji na ule mpira wa maji wa kusawazishia misingi, nikatafuta mahali palipo sawa, nikapata sakafu ya godauni la rafiki ambayo kutoka gurudumu hadi gurudumu haikupishana hata nusu senti. Presha ya tairi zote nikaiweka sawa kwanza. Halafu unapima sio kutoka chini, kutoka chini tairi inakudanganya, unapima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi. Nyuma kushoto senti 45, nyuma kulia senti 40. Senti tano! Na ile raba inayozuia ekseli isigonge chasisi, kushoto vidole viwili vinapita kabla ya kugusa, kulia kidole kimoja kwa shida, na uso wake unang'aa kwa kupigwapigwa.

Mzee alisema pima ikiwa imejaa halafu toa kila kitu upime tena. Tulishinda siku nzima mimi na vijana wangu wawili wa karakana tukitoa kabati, betri, mtungi, tukamwaga maji. Ikiwa tupu nyuma kushoto 47.5, kulia 45.5. Hapo ndipo nilipoona uzuri wa hii njia. Imejaa inapishana tano, tupu inapishana mbili. Maana yake senti tatu ni za mzigo wangu nilivyoupanga, na senti mbili ni za gari yenyewe, kuna kitu kimelegea au kimevunjika. Ningebadilisha springi peke yake ingebaki tatu, ningehamisha mzigo peke yake ingebaki mbili, na katika hali zote mbili ningesema fundi mwizi.

Nikarudi na namba. Akafurahi, akaniita fundi kuanzia siku hiyo.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kurudisha ile toshen baa. Akalala chini na tochi akaniambia leta tepu yako, pima uzi wa bolti uliotokeza, kushoto milimita 30, kulia 45. Akailegeza polepole, gari imeinuliwa na imekalia stendi, mpaka zote mbili zikawa 30, tukaisukuma mbele na nyuma ikae vizuri. Kisha akaweka jeki chini ya difu, katikati kabisa ya ekseli ya nyuma, akainua mpaka magurudumu ya nyuma yameachana na ardhi kidogo tu. Sikuelewa. Akaniambia sasa nyuma imesimama kwa mguu mmoja, haiwezi kuisukuma bodi kushoto wala kulia, kama gari bado inainama basi ugonjwa uko mbele, kama imenyooka ugonjwa uko nyuma. Nikaweka pimamaji juu ya bampa ya mbele. Kiputo kikasimama katikati. Ugonjwa uko nyuma. (Tafadhali mtu asiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, pale tulikua tunatazama kwa nje tu, akitaka kuingia stendi zinawekwa kwanza.)

Halafu akachukua brashi ya waya akaanza kusugua springi ya nyuma kulia. Alisugua robo saa nzima, mimi naona kutu tu inaanguka, kutu ya Malindi ile ya kuchanganyika na chumvi na mchanga, inatoka vipande kama maganda ya mti. Mabapa yalikua yameachana kwa kuvimbiwa na kutu katikati. Alipofika pale yubolti, zile bolti za umbo la U, zinapofunga springi kwenye ekseli akamwagia mafuta ya taa, akafuta na kitambaa, akanishika kidole changu akakipitisha chini ya bapa la pili kutoka chini. Kidole kikakwama kwenye kitu kama unywele. Nikasogeza tochi. Ni ufa, umekatiza bapa kutoka upande hadi upande, sawasawa na tundu la senta bolti, ile bolti ya katikati inayobana mabapa pamoja, na kwa sababu umekaa chini ya kibao cha yubolti kwa nje hauonekani kabisa, springi inaonekana nzima. Tulipoifungua kipande kikabaki mkononi mwake. Nimekitazama sana kile kipande. Sehemu kubwa ya mvunjiko ilikua nyeusi na kahawia, imeshaota kutu ndani, na pembeni kuna ukanda mwembamba kama nusu kidole wa kijivu unaong'aa, chembechembe kama sukari. Mzee akasema ile nyeusi imepasuka zamani, labda mwaka, chumvi imekua ikiingia humo, hii nyeupe ndio imemalizikia juzijuzi. Yaani nimeendesha watoto wangu mwaka mzima na ufa ule chini yao.

Pale kwenye tundu la senta bolti ndipo springi nyingi huvunjikia, manake chuma kimetobolewa kwa hivyo ni chembamba, na yubolti zikilegea kidogo tu bapa linaanza kupinda hapohapo badala ya kupinda urefu wake wote. Na yubolti zangu zilikua zimelegea. Ile ngo ilikua sehemu mbili: bapa lililovunjika linacheza, na bushi, ile raba ya ndani ya jicho (tundu la mwisho) la springi ya nyuma, imeliwa mpaka chuma kinagusa chuma. Hiyo ya bushi aliigundua kwa mtaimbo, anausukuma kati ya springi na kishikizo chake, upande wa kushoto hakuna kitu upande wa kulia inaruka. Kuna njia nyingine ya sauti nyembamba, ile inayolia kama mlango, unamwagia maji bushi moja moja huku mtu anainesa gari, ile ambayo ukiimwagia kelele inanyamaza ndiyo hiyo. Maji lakini, sio grisi wala mafuta, raba inavimba.

Nikamuuliza, mzee, si unaweza kulichoma kwa gesi na kulikunja jingine tukaweka? Manake nimeona wanafanya. Akasema anaweza, na hatafanya kwenye gari wanayolala watoto. Chuma cha springi kinapikwa, kinazimwa kwenye mafuta kikiwa chekundu, halafu kinapashwa tena kwa moto wa kiasi ndio kinapata ile tabia ya kupinda na kurudi. Ukikichoma kwa gesi kikapoa tu kwa hewa kinapoteza hiyo tabia, kitakaa vizuri miezi michache kisha kinalala au kinavunjika. Basi nikaagiza springi pande zote mbili kutoka Mombasa. Zote mbili kwa sababu ukiweka mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili umejitengenezea kuinama kwingine.

Na kuongeza bapa? Kila mtu aliniambia ongeza bapa moja. Mzee akasema tusubiri mzani kwanza.

Kuna mahali wananunua vyuma chakavu wana mzani wa magari, nikawaomba, wakaniruhusu asubuhi kabla ya kazi. Gari nimeirudishia kila kitu kama mwanzo, tangi limejaa, mimi ndani. Nikapima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, halafu nyuma kushoto na nyuma kulia kila moja peke yake, ardhi iko sawa na uso wa mzani, ni muhimu hilo. Mbele 1,140. Nyuma 1,520, na humo kushoto 660, kulia 860. Tofauti ya kilo 200 kwenye ekseli moja. Tairi zangu ni 195R15 zimeandikwa 106 ubavuni, hiyo namba maana yake tairi moja inaruhusiwa kilo 950. Kulia nilikua nimebakiwa na kilo 90, na hapo gari imesimama, bado haijaingia shimo hata moja. Bapa la kuongeza lingeinua mgongo nikajiona nimepona, na tairi ileile ekseli ileile zingeendelea kubeba uzito uleule. Ndio maana alisema mzani kwanza.

Usiku nikakaa na penseli, na hii hesabu naomba muifuatilie kwa sababu hakuna kitu kwenye hii shughuli nzima kilichonishangaza zaidi. Tangi langu lilikua nyuma ya ekseli ya nyuma, katikati yake ni kama senti 80 kutoka ekseli. Kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni mita 2.57. Maji lita 120 ni kilo 120. Lakini kwa kuwa yako nyuma ya ekseli yanafanya kama mtoto aliyekaa mwisho wa ubao wa pembea, yanakandamiza nyuma na kuinua mbele. Unachukua 0.80 unagawa kwa 2.57 unazidisha na 120, unapata kilo 37. Hizo 37 zinatoka mbele, ndio steringi nyepesi na taa za kumulika minazi, na zinaongezeka nyuma, kwa hivyo maji ya kilo 120 yananiwekea kilo 157 kwenye ekseli ya nyuma. Sasa lile tangi nikilihamisha nyuma ya viti vya mbele, mita 1.3 mbele ya ekseli ya nyuma, maji yaleyale yanaweka nyuma kilo 59 tu. Karibu kilo 100 zimetoka mgongoni bila kupunguza hata kikombe cha maji.

Nilimsomea mama watoto ile hesabu saa sita ya usiku. Alisema, basi lihamishe.

Nikalihamisha. Betri, kila moja karibu kilo 60, moja ikabaki kulia moja ikaenda kushoto, nyaya zimekua ndefu na nene zaidi, sawa. Mtungi ukaenda kushoto kwenye kisanduku chake chenye tundu chini, manake gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa ikivuja inatafuta chini, lazima ipate pa kutokea. Na kabati la mvule nikalitoa. Hilo liliniuma, sitaficha, nililirandia wiki mbili. Liko sebuleni saa hizi. Ndani ya gari nikatengeneza jingine la plaiwudi ya milimita 9 na fremu nyembamba, jumla nikapunguza kilo 70.

Springi zilipofika mzee alinifundisha mambo mawili wakati wa kufunga. Yubolti mpya, zile za zamani zimeshavutika hazirudi kwenye gari, na zinakazwa kwa kupishana, huku kidogo kule kidogo, sio moja mpaka mwisho halafu nyingine. La pili ni bolti za bushi. Unaziweka, unazibana kwa mkono, unashusha gari chini ikae kwa magurudumu yake na mzigo wake, ndipo unazikaza moja kwa moja. Ukikaza gari ikiwa juu, magurudumu yananing'inia, raba inashikwa katika pozi la kuning'inia, ukishusha inajipinda na inakaa imejipinda siku zote, miezi michache imechanika. Nadhani zile bushi zangu za kwanza zilikufa hivyo. Boljointi ya mbele kulia tukabadilisha, kisha nikaenda alainmenti, yaani kunyoosha magurudumu. Alainmenti ni mwisho kabisa, baada ya urefu wa gari kukaa sawa, ukifanya mapema unalipa mara mbili.

Kile kipande kilichovunjika mzee alikipeleka kwa mhunzi, nikaletewa patasi ya inchi moja. Inakata mvule vizuri na inashika makali, naitumia kila siku.

Mzani wa pili: mbele 1,225, nyuma 1,365, kushoto 675 kulia 690. Tepu: nyuma kushoto 46, kulia 45.5. Bapa la kuongeza halikuhitajika.

Jumamosi iliyofuata tukapita daraja la Sabaki, tukakata kushoto kwenda Marafa, ile barabara ya vumbi ya kwenda Nyari kwenye makorongo mekundu, makusudi kwa sababu ina mawimbi ya kutosha kuitesa gari. Nilisimama njiani nikashika shoki moja moja kwa mgongo wa mkono, taratibu maana zinaweza kuunguza. Hicho nacho ni kipimo kizuri na hakina gharama: shoki inayofanya kazi inapata joto, ile nishati ya kunesa inageuka joto kwenye mafuta yake, ukikuta tatu zina joto na moja ni baridi hiyo moja imekufa. Zangu zote nne zilikua na joto moja. Watoto waliuliza kwa nini baba anashika gari kama anapima homa.

Kunesa ni mara moja tu sasa inatulia. Kwenye tuta la Mambrui, ambalo zamani nilikua nakunja uso nikilikaribia, vikombe havikulia.

Tabia ambayo nimebadilisha ni hii, tukilala ufukoni, iwe Mambrui au Mayungu, nikirudi nyumbani naosha chini kwa maji ya bomba, napeleka mpira pale kwenye yubolti na katikati ya mabapa mpaka mchanga unaacha kutoka. Sio kupitisha maji juujuu, unalala chini. Na baada ya kilomita 500 nilirudi Maweni mzee akarudia kukaza yubolti, nati tatu hazikusogea, ya nne ikazunguka robo nzima. Ingelegea hiyo, tungerudi kulekule kwenye tundu la senta bolti.

Kuna mtu wa Watamu ananiambia anajenga nyumba juu ya Canter, lile lori dogo. Ndugu yangu, Canter nyingi zina springi za mabapa mbele pia, kwa hivyo kama yako ni hivyo hiyo brashi ya waya na kidole chini ya yubolti ufanye pande zote nne, na uende mzanini kabla hujafunga kabati la kwanza.